Bakapu Haizimwi

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyovishwa pete. Ni siku ambayo mama mmoja wa Momela aliketi kwenye benchi la nje ya kituo chetu cha redio, akatuuliza swali ambalo sijalisahau mpaka leo. Kaa nikusimulie, na usiniharakishe. Nimestaafu, siendi popote, na chai ipo kwenye chupa.

Najua mnavyonisema huko mnakofanya kazi na kompyuta zenu nyembamba. Mnasema Bibi Aneth ni mkaidi, akishashika neno haliachi. Ni kweli, na sitaomba radhi kwa hilo leo wala kesho. Ukaidi ni kama jembe, ubaya wake ni pale unapoinuliwa na mtu asiyejua anachokilima. Mimi nilifundishwa kulima nao nikiwa binti wa miaka ishirini na kitu, na ndiyo habari ninayotaka uibebe.

Kituo chenyewe kilikuwa kidogo, juu ya Tengeru, katikati ya migomba na kahawa. Jina lake nalihifadhi. Tulirusha matangazo kwa jenereta, kuanzia saa nane mchana hadi saa mbili usiku, kisha tunazima kila kitu na kuchomoa waya zote ukutani kwa kuogopa radi. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kompyuta. Leo mtoto wa darasa la nne anaweza kujiita mtu wa kompyuta, lakini siku zile nikipita sokoni na bisibisi mfukoni, watu walinipisha.

Kila kitu kilichosikika hewani kilitoka kwenye kompyuta moja. Kwaya zilikuwemo, mahubiri yalikuwemo, na wazee waliosimulia mambo ya zamani kwa Kimeru walikuwemo. Na saa kumi kamili alasiri yalikuja matangazo ya vifo. Ninyi mna simu, hamuelewi. Wakati ule mtu akifariki Kikatiti, ndugu zake walioolewa au kuhamia mbali walijua kwa redio. Saa kumi hata mama aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe aliweka panga chini asikilize. Familia ilikuja kituoni mchana na maelezo yao, msomaji wetu Godlisten akayarekodi kwa sauti yake nzito, na kompyuta ikayacheza saa kumi, kisha ikayarudia jioni.

Sasa nikueleze kuhusu bakapu, yaani nakala ya akiba. Kabla ya kompyuta hiyo tulikuwa na nyingine, na radi iliingia ikaiunguza na kila kilichokuwemo. Humo mlikuwa na sauti ya bibi yangu mzaa baba, akieleza jinsi wanawake walivyokuwa wakiimba mfereji ulipofika shambani kwa mara ya kwanza. Bibi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nilipoambiwa hakuna kilichopona, nilitoka nje nikalia mpaka Godlisten akaja kunifunika kanga. Siku hiyo nikaapa kwamba haitatokea tena nikiwa hai. Akiba haiozi, walisema wahenga, lakini lazima kwanza uiweke.

Kompyuta mpya ilipokuja nilimwambia fundi wa mjini aliyeiunganisha anitilie diski mbili, moja ya kazi na moja ya akiba. Akanionyesha kwenye skrini. Hii hapa, imeandikwa SAUTI. Hii hapa ya pili, imeandikwa AKIBA. Nikamshukuru. Tangu hapo, kila siku jenereta ikishawaka, niliiamuru kompyuta inakili kila kilichomo SAUTI kwenda AKIBA. Programu ya siku zile haikuchagua vipya na vya zamani, ilinakili vyote upya. Mwanzoni ilimaliza haraka, sauti zilikuwa chache. Zilivyoongezeka ikawa inachelewa, ikapita saa tisa, ikaingia saa kumi.

Ndipo matangazo yakaanza kukwama. Sauti ya Godlisten inakwenda vizuri, halafu inakatika, inarudi mbele zaidi, maneno ya katikati yamepotea. Watu walituma salamu za kulalamika kanisani na sokoni. Tulidhani ni jenereta, tukabadilisha mafuta. Tulidhani ni waya, tukabadilisha waya. Hatukudhani kwamba katikati ya maneno yale yaliyopotea kuna mtu anaweza kupotezewa kitu kisichorudi.

Jumatatu moja, kabla hatujawasha jenereta, tukamkuta Mama Anasia ameshafika. Alikuwa mama mtu mzima, ameolewa Momela, kwao Kikatiti. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akakataa chai. Akatueleza taratibu. Alikuwa amesikia kwenye redio yetu kwamba kaka yake amefariki. Jina alilisikia, mji wa marehemu aliusikia, na watoto walitajwa mmoja mmoja. Ilipofika siku ya mazishi sauti ikakatika, na iliporudi ilikuwa inamtaja mchungaji atakayeongoza ibada. Akangoja marudio ya jioni, lakini betri za redio zilikuwa zimechoka na redio ikanyamaza. Akajisemea, wengi huzikwa Jumamosi. Jumamosi akaamka mapema, akabeba ndizi na mbuzi kama inavyompasa dada, akashuka hadi Kikatiti. Alipofika alikuta kaburi limeshafunikwa na maua yameanza kunyauka. Kaka yake alikuwa amezikwa Alhamisi.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alitutazama sote, mimi na Godlisten na meneja wetu Bwana Mushi, kisha akasema:

"Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Nani alikula siku ya kaka yangu?"

Mwanangu, mimi nilijua. Nilijua kwa sababu kila matangazo yalipokwama, nakala ya akiba ilikuwa inaendelea, na siku nilizochelewa kuianzisha mpaka saa kumi ikapita, hayakukwama. Nikasema ukweli palepale mbele yake, kwamba kompyuta inakwama kwa sababu ya bakapu. Mama Anasia hakuelewa neno hilo na hakuwa na haja ya kulielewa. Alijifunga kitenge vizuri, akaondoka na swali lake.

Bwana Mushi akatuita ofisini. Alikuwa mtu mwema, mzaliwa wa upande wa Kilimanjaro, ameishi Arusha miaka mingi, na siku hiyo aibu ilikuwa imemjaa mpaka macho. Akaamua kwamba bakapu izimwe, si ya siku hiyo tu bali moja kwa moja. Akawauliza wafanyakazi wengine, wote wakainua mikono. Wengi wape, wanasema. Mimi sikuwapa. Nikasimama nikasema haizimwi.

"Aneth," akaniambia, "watu wanataka matangazo. Hawataki makumbusho. Mama yule umemwona."

"Nimemwona. Na bakapu haizimwi."

Nikamkumbusha radi. Nikamwambia kwamba wazee waliomo kwenye ile kompyuta wengine wameshakufa, na siku ikiungua tutawazika mara ya pili bila tangazo. Nilisema mengi, na mengine nilipaswa kuyameza. Akaninyoshea kidole, akasema kwamba Jumatatu inayofuata ama niwe nimepata dawa, bakapu na matangazo viende pamoja bila neno kupotea, ama niache ufunguo wa studio mezani na kazi yangu apewe mtu anayesikia.

Wiki hiyo niliisimamisha bakapu. Sikuizima, niliisimamisha. Kuna tofauti, hata kama ninyi mnacheka.

Na nilifanya nini wiki hiyo? Niligombana. Nilimlaumu aliyenunua jenereta. Nilimlaumu fundi wa mjini kwamba ametuuzia kompyuta dhaifu. Nilimwambia kila aliyepita mlangoni kwamba tunahitaji kompyuta mpya kubwa, na kwamba meneja hajui thamani ya kumbukumbu. Niliona nimeshinda kila mabishano. Jioni nilirudi nyumbani nimechoka, nimejaa haki, na diski haikuwa imenisikia hata neno.

Jumamosi ilikuwa zamu ya ukoo wetu kwenye msaragambo wa kusafisha mfereji. Unajua desturi yetu huku mlimani, kila nyumba inatoa mtu na jembe, na asiyekuja maji yanamruka. Nilikwenda. Msimamizi wa mfereji alikuwa baba yangu mkubwa, Mzee Kaaya, mtu mrefu, mkavu, asiyependa maneno wakati wa kazi. Tulipopumzika kula, akina mama wakaniuliza habari za redio, nami nikawasimulia jinsi nilivyomjibu meneja mbele ya watu wote, neno kwa neno, na mikono kiunoni. Wakacheka, wakanisifu. Nikaongeza chumvi kidogo.

Mzee Kaaya alikuwa ananoa jembe. Hakuinua uso.

"Umeshinda maneno," akasema. "Maji yamefika shambani?"

Kicheko kikaisha. Nikasema hapana, baba.

"Basi hujashinda. Umepiga kelele karibu na mfereji."

Akasimama, akatuita kazini. Hakunieleza kompyuta, hakujua kompyuta na hakujifanya anajua. Lakini aibu niliyoipata pale ilinitembeza mfereji mzima nikiwa kimya. Na nilipokuwa kimya nikaona kile nilichokuwa nimekifanya kila mwaka tangu utotoni bila kukifikiria. Maji yakipungua shambani, hatuanzi kwa kumgombeza jirani. Tunapanda hadi kwenye banio, pale mfereji unapochota kutoka mtoni, tunaangalia yanayoingia. Halafu tunafunga michepuko yote, tunaangalia yanayopita njiani. Kisha tunaangalia shamba lenyewe linavyopokea. Kila mahali peke yake, maana ukiangalia vyote kwa pamoja unaona matope tu. Nikajiuliza, Aneth, wiki nzima umeangalia nini peke yake?

Sikusubiri uji wa jioni. Niliosha miguu mtoni nikashuka kituoni mchana uleule, nikawasha jenereta, maana Jumamosi hatukuwa hewani.

Sasa hapa unisikilize vizuri, maana hii ndiyo kazi. Nakala ya akiba ina mambo mawili ndani yake. Kuna kusoma kule kilipo kitu na kuna kuandika kule kinakokwenda. Mtu akisema bakapu ni nzito hajasema kitu bado, mpaka aseme ni ipi kati ya hizo iliyo nzito. Nikaiamuru kompyuta isome sauti zote zilizomo SAUTI bila kuziandika popote, isome na kuzitupa. Nikavaa hedifoni, nikacheza tangazo moja la zamani wakati huohuo. Ikasoma upesi, na tangazo halikukwama. Kwa hiyo banio lilikuwa zima.

Nikaiamuru iandike faili kubwa tupu kule AKIBA, bila kusoma chochote. Ikaandika upesi. Shamba nalo lilikuwa zima.

Nikaziweka pamoja, isome huku na kuandika kule. Hapo mwendo ukafa. Ukashuka mpaka nikadhani imezimika, na kwenye hedifoni Godlisten akaanza kukatika. Nikavua hedifoni nikainamia lile sanduku la kompyuta. Ndani kulikuwa na mkwaruzo, haraka haraka bila kupumzika, kama kuku anayepekua takataka. Niliusikia mkwaruzo ule miezi mingi, lakini nilidhani ndiyo sauti ya kufanya kazi.

Nikafikiri, kama kusoma hakuna kasoro na kuandika hakuna kasoro, na diski ni mbili, kila moja na kazi yake, kwa nini zikifanya kazi pamoja zigombane? Diski mbili hazina cha kugombania. Nikatazama skrini. SAUTI. AKIBA. Nikazima kompyuta, nikachukua bisibisi, nikafungua ubavu wa sanduku.

Ndani kulikuwa na diski moja.

Niliingiza mkono nikapapasa nyuma ya waya, nikitumaini nyingine imejificha. Haikuwepo. Fundi alikuwa amechukua diski moja akaigawa katikati, akazipa pande mbili majina mawili, na skrini ikazionyesha kama diski mbili. Wewe umekulia Moshono kwenye viwanja vya kupimwa, lakini masale unayajua, ule mmea tunaoupanda kwenye mpaka wa shamba. Baba akipanda masale katikati ya kihamba chake, shamba lake la urithi, watoto wawili wanapata kila mmoja upande wake. Lakini kihamba hakijaongezeka. Mvua ya mawe ikipiga, inapiga pande zote mbili.

Diski za siku zile zilikuwa na mkono mdogo ndani, unaokwenda na kurudi juu ya sahani yake kusoma na kuandika. Mkono ulikuwa unasoma sauti upande huu, unaitwa uandike upande ule, unarudi kusoma, na katikati ya safari Godlisten naye anauita umletee tangazo. Muda wote ulikuwa unaisha njiani. Fahali wawili hawakai zizi moja, na mimi nilikuwa nimefuga watatu.

Lakini si wepesi au uzito wa diski ulionikalisha sakafuni, mwanangu. Kilichonikalisha ni hesabu nyingine. Kama akiba ilikuwa kwenye diski ileile, basi radi ingekuja ingebeba vyote. Miezi yote ile hatukuwa na akiba. Nilikuwa nimemkabili meneja, nimeshika kiuno mbele ya watu, nikatetea ghala lisilokuwepo. Na kama ningekubali bakapu izimwe, matangazo yangetulia, kila mtu angefurahi, na hakuna ambaye angelifungua lile sanduku mpaka siku lingeungua. Kile kilichotukera ndicho kilichokuwa kinatuambia ukweli. Nikacheka peke yangu pale sakafuni, halafu nikalia kidogo, halafu nikainuka.

Jumatatu nilikwenda ofisini na lile sanduku mikononi, limefunguliwa. Sikwenda na maneno. Nikaliweka juu ya meza ya Bwana Mushi, nikamwomba ahesabu diski. Akatazama, akaniuliza ya pili iko wapi. Nikamwambia kuhusu masale. Naye ni mtu wa kihamba, hakuhitaji maelezo ya pili. Akatia sahihi ya kununua diski nyingine bila kunitazama. Niliifunga mwenyewe, diski ya pili kabisa, yenye mkono wake na waya wake, na kila usiku niliichomoa nikaifungia kabatini, radi isiikute. Nikaijaribu mara nyingi hewani pakiwa kimya, nikiisomesha, nikiiandikisha, na Godlisten akizungumza kwenye hedifoni. Nikaiambia programu isome kwa mwendo wa wastani, isilibane tangazo. Nikazirudisha sauti kadhaa kutoka kwenye akiba, nikazisikiliza mwanzo mpaka mwisho, kuhakikisha kilichoingia ndicho kinachotoka. Hakuna neno lililopotea.

Bwana Mushi akasema vizuri sana, mambo yamekwisha. Mimi nikasema bado. Kuna mtu alituuliza swali.

Hapo ndipo nilipomheshimu meneja wangu, nawe umheshimu. Hakubisha. Alisema kwao ukimkosea mtu huendi na mdomo mtupu. Akatoka nje, akakata jani la masale penye ua wa kituo, akalifunga fundo kama desturi inavyotaka mtu anapoomba radhi. Tukapanda hadi Momela, yeye, Godlisten na mimi. Mama Anasia alitupokea uani. Bwana Mushi akamkabidhi jani kwa mikono miwili, akamweleza kwamba siku ya kaka yake ililiwa na uzembe wetu, kwamba tuliamini tulichoandikiwa kwenye kioo cha kompyuta na hatukufungua ndani kuangalia. Desturi hairuhusu jani lile likataliwe. Mama Anasia akalipokea.

"Nimesamehe," akasema. "Lakini tangazo halijasomwa. Mlisoma nusu. Lisomeni lote."

Bwana Mushi akamwambia kwa upole kwamba mazishi yameshapita, watu watashangaa kusikia tangazo la mazishi yaliyopita.

"Washangae. Kaka yangu alikuwa na siku yake. Itajwe."

Nikampenda mama yule hapo hapo, kwa moyo wangu wote. Nikapiga magoti mbele yake nikamweleza kwamba nimeitengeneza mashine, kwamba nataka tangazo lisomwe wakati ile kazi iliyolikwamisha inaendelea, maana kama nikiizima ili lisikike vizuri, nitakuwa sijatengeneza kitu, nitakuwa nimeficha. Nikamwambia akikataa nitaelewa. Bwana Mushi alinivuta mkono wa blauzi. Mama Anasia akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo, nimepima. Akasema basi iwashe, naye atakuja kukaa palepale kwenye benchi, na kama itamla kaka yake mara ya pili atajua pa kunipata.

Alikuja kweli. Saa kumi alikuwa studio, si kwenye benchi, maana Godlisten alimpa kiti chake. Kaka yake alikuwa bado ndani ya kompyuta, tangazo lilelile, sauti ileile iliyokatika. Nikaanzisha nakala ya akiba. Taa ya diski ya kwanza ikaanza kumeta, na ya pili ikaanza kumeta. Bwana Mushi alisimama mlangoni amekunja mikono, akitazama kitufe cha kuzimia kama mtu anayemtazama nyoka. Nikasimama kati yake na kitufe. Sikuondoka hapo.

Tangazo likaanza. Jina likapita. Mji wa marehemu ukapita. Watoto wakatajwa mmoja mmoja, na dada aliyeko Momela akatajwa, na Mama Anasia akainamisha kichwa. Ikafika pale. Nilishika meza. Sauti ya Godlisten ikasema mazishi yatafanyika siku ya Alhamisi, saa nane mchana, nyumbani kwa marehemu, na ibada itaongozwa na mchungaji, na habari hizi ziwafikie ndugu na jamaa wote popote walipo.

Mama Anasia alisema kwa sauti ndogo, "Alhamisi." Kisha akasema tena, "Alhamisi," akajifuta uso kwa kitenge. Diski mbili zikaendelea kumeta.

Ndiyo hayo, mwanangu. Sasa nikwambie ninachotaka ubaki nacho, hata ukisahau mengine yote.

Siku moja utakuwa na kitu kizito kinachowakera watu, na wote watakuambia ukizime. Watakuwa wengi, na wengine watakuwa wakubwa wako, na watakuwa na sababu nzuri, na pengine mtu aliyeumia kweli atakuwa ameketi kwenye benchi. Usikizime kwa sababu wamesema. Na usikitetee kwa sababu ya ubishi wako, maana hapo nawe umepiga kelele karibu na mfereji. Pima. Tenga kusoma na kuandika, tazama kila kimoja peke yake, halafu viweke pamoja usikilize mkwaruzo. Ukiambiwa kuna viwili, fungua sanduku uvihesabu kwa mkono, maana kioo kinaonyesha alichoandika mtu. Akiba uliyoiweka irudishe mara kwa mara uisikilize. Siku hizi mnaniambia kila kitu kiko hewani huko mbali, hakuna diski wala mkono. Sawa. Nenda ukaulize huko mbali akiba yenu imekaa upande gani wa masale, kisha uje uniambie.

Na ukishapima, simama. Hapo ndipo ukaidi unapokuwa kazi. Simama kati ya watu na kile kitufe, hata kama anayekitaka ni meneja wako. Lakini kwanza nenda kwa aliyeumia, upige magoti, mpe haki yake yote bila kupunguza.

Mungu wa baba zetu akupe masikio ya kusikia kinachokwaruza na shingo ngumu ya kutokinyamazisha. Akuepushe na radi, na mafundi wa kugawa kimoja wakakiita viwili. Na siku yako itakapotangazwa, aijalie iwe mbali sana, jina lako na lisomwe lote, na watu wako wasikie ni siku gani.